Ajali katika hifadhi za taka za mionzi chini ya ardhi: dhana potofu na ukweli

Hifadhi ya taka za mionzi ya WIPP (Waste Isolation Pilot Plant) imechimbwa katika tabaka nene la chumvi mwamba, mita 655 chini ya jangwa lililo karibu na mji wa Carlsbad, jimbo la New Mexico nchini Marekani. Ilianza kupokea taka Machi 1999, na taka zenyewe ni glavu, nguo, vifaa na matope yaliyochafuliwa kwa plutoniamu, metali yenye mionzi, katika utengenezaji wa silaha za nyuklia. Februari 2014 ilipatwa na ajali mbili zilizopishana kwa siku tisa tu, nazo zinatosha kupima mengi yanayosemwa kuhusu hatari za kazi hii.

Dhana potofu: Taka hizo zinaweza kulipuka kama bomu la atomiki.

Ukweli: Kiasi cha plutoniamu kinachoruhusiwa katika kila pipa huwekewa kikomo, hivyo mlipuko wa aina hiyo hautokei. Kinachopaswa kuogopwa ni kemia ya kawaida. Usiku wa Februari 14 pipa lenye namba 68660, lililotoka Maabara ya Taifa ya Los Alamos, lilipata joto kali kutoka ndani hadi kifuniko chake kikafumuka. Ndani yake mlikuwa na chumvi za naitreti, ambazo huchochea moto, zikiwa zimechanganywa na mchanga wa choo cha paka ili kunyonya majimaji. Matumizi ya bidhaa hiyo si kioja, kwani ile inayotokana na udongo wa mfinyanzi ilikuwa ikifaa kwa kazi hiyo. Safari hii, hata hivyo, walitumia aina inayotengenezwa kwa ngano, na ngano ikikutana na naitreti ni sawa na kuni kukutana na kiberiti. Picha zilizopigwa humo handakini Mei mwaka uleule zilionyesha kifuniko kilichoinuka na kubadilika rangi kwa joto, na juu ya mapipa, mifuko iliyoharibika ya oksidi ya magnesiamu, unga unaowekwa hapo ili kudhibiti kemia ya taka. Kwa maneno mengine, chanzo cha ajali hii hakikuwa handakini kabisa, bali katika chumba cha kufungashia kilichoko mamia ya kilomita kutoka pale.

Dhana potofu: Anayefanya kazi humo hana adui mwingine zaidi ya mionzi.

Ukweli: Ajali ya kwanza, ya Februari 5, haikuhusu taka hata kidogo. Lori kuukuu la kubebea chumvi lilishika moto, baada ya mafuta kugusa sehemu za injini zenye joto kali. Watu 86 waliokuwa chini walilazimika kupanda juu, na sita kati yao wakapelekwa hospitali kwa sababu ya kuvuta moshi. Uchunguzi wa serikali ulibaini kwamba mfumo wa lori wa kuzima moto wenyewe ulikuwa umeondolewa katika matumizi, na kwamba baadhi ya wafanyakazi walipata shida kuvaa vifaa vya kuwasaidia kupumua. Kuna jambo zito zaidi: wakati watu wakiendelea kukimbia, mfumo wa hewa ulibadilishwa ili hewa ipite kwenye vichujio, hatua iliyokusudiwa kwa dharura ya mionzi, nao moshi ukaenea hadi kwenye njia ambazo wafanyakazi walitarajia zingekuwa na hewa safi. Kwa maoni yangu hili ndilo fundisho lililopuuzwa kuliko yote katika tukio zima, maana kinga iliyowekwa kwa ajili ya hatari moja iliwaongezea watu hatari nyingine.

Dhana potofu: Walioathiriwa na pipa lililofumuka walikuwa chini, na vichujio vilizuia kila kitu kutoka.

Ukweli: Usiku ule hakukuwa na mtu yeyote chini. Kipima mionzi kilipiga king'ora, na mfumo ukaelekeza hewa kwenye vichujio wenyewe, lakini vilango viwili vya kuzuia hewa havikufunga sawasawa, hivyo kiasi kidogo cha hewa yenye chembe za mionzi kikapenya bila kuchujwa. Wafanyakazi zaidi ya 20 waliokuwa juu ya ardhi walikutwa na chembe za mionzi mwilini. Vipimo vilikuwa vidogo, chini ya milisiverti 0.1 (milisiverti ni kizio cha kupimia mionzi inayoupata mwili), na havikutarajiwa kuwadhuru. Hata hivyo, hifadhi haikuanza tena kuweka taka hadi Januari 2017.

Dhana potofu: Chumvi ikishazifunika taka, kazi imekwisha.

Ukweli: Chumvi hujongea polepole na kuziba nafasi, na ndiyo maana ilichaguliwa. Lakini mjongeo huohuo hupasua dari juu ya vichwa vya wafanyakazi, hivyo dari lazima ishikiliwe kwa vyuma na kukaguliwa daima. Baada ya ajali ya pipa, kazi hiyo ilizorota, na mwaka 2016 sehemu za dari zikaporomoka katika maeneo yaliyofungwa.

Hali ya Asse II, mgodi wa zamani wa chumvi nchini Ujerumani, ni mbaya zaidi. Kati ya 1967 na 1978 yaliwekwa humo mapipa ya taka za mionzi yapatayo 126,000, mengine yakimwagwa tu kwenye mteremko na kufukiwa kwa chumvi. Tangu 1988 maji ya chumvi yamekuwa yakiingia mgodini, kwa wastani wa mita za ujazo zipatazo 12 kwa siku. Sheria ya mwaka 2013 iliagiza taka hizo zitolewe, kwa hiyo mapipa yaliyodhaniwa kuzikwa moja kwa moja itabidi yashikwe upya, mengi yakiwa yamebondeka au kuliwa na kutu, katika vyumba ambavyo dari zake hazitegemeki tena.