Ki-67 asilimia 80 sio kwamba kansa imekula asilimia 80 ya utumbo

Jamani leo tuelewane, maana wiki hii tena kaja ndugu wa mgonjwa kutoka Kondoa, ripoti mkononi, machozi yanamtoka, "dokta, mzee kaliwa utumbo asilimia 80". Hapana! Hiyo 80 ni Ki-67, protini inayoonekana kwenye seli zinazogawanyika, yaani kwenye kila seli 100 za uvimbe, kama 80 hivi zipo kwenye mzunguko wa kugawanyika, basi. Kansa imefika wapi unaangalia steji: imepenya ukuta kiasi gani, tezi za limfu zikoje, ini na mapafu vipi.

Wanaonichosha zaidi ni wenye kusoma kidogo, "Ki-67 kubwa, huyu hana siku nyingi". Kwenye titi inasaidia, kwenye uvimbe wa neuroendokrini (wa seli zinazotoa homoni) tunapangia gredi, yaani ukali wa uvimbe, kabisa, ila kwa adenokasinoma, ile kansa ya kawaida ya utumbo mpana, tafiti zinapingana, na zipo zilizokuta wenye Ki-67 kubwa ndo wanaishi zaidi. Utumbo usio na ugonjwa wenyewe unagawanya seli usiku na mchana! Weka slaidi kwenye hadubini uone, kripti (vishimo vidogo vya ukuta wa utumbo) chini imejaa viini vya kahawia, ndo rangi ya Ki-67, juu bluu tupu, seli zinapanda na baada ya siku chache zinakufa zinadondoka. Kwenye polipu (kinyama kinachoota ndani ya utumbo na kinachoweza kugeuka kansa) ile kahawia inapanda mpaka juu. Mimi hapo naangalia iko wapi kabla ya kuhesabu ziko ngapi.

Halafu p53, protini inayozuia seli iliyoharibika isigawanyike, "imetoka negativu, afadhali". Afadhali ipi? p53 isiyo na kasoro inavunjwa upesi, kwa hiyo rangi inaonekana kidogo kidogo hapa na pale. Jini ikiharibika, mara nyingi protini inarundikana, viini vyote vinakolea, lakini kuna uharibifu mwingine protini haitengenezwi kabisa, seli za kansa zinatoka sifuri, na hiyo nayo ni mbovu. Cheki limfosaiti (seli nyeupe za damu) za pembeni, kama nazo hazina rangi hata moja basi antibodi, yaani kipimo chenyewe cha kupaka rangi, haijashika, rudia.

Bcl-2, protini nyingine tunayopima, inazuia seli isijiue, ungetegemea izidi kansa inavyokomaa, kumbe mara nyingi ipo zaidi kwenye polipu kuliko kwenye kansa yenyewe.

Na ukweli ni kwamba slaidi moja ya Ki-67, mapatholojisti (madaktari wanaosoma slaidi) wawili, huyu anakwambia 60 yule 75. Nyama iliyokatwa kwa mgonjwa ikichelewa kuingia kwenye formalini (dawa ya kuihifadhi isioze) namba inashuka pia, kwa hiyo wenzangu wa wilayani, nyama ikitoka tu iingie kwenye formalini ya asilimia 10, ujazo mara kumi ya nyama, msiilaze kwenye maji ya dripu.

Ndugu wa mgonjwa, muulizeni dokta steji, na muulize MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6, protini zinazorekebisha makosa ya DNA, zimepimwa? Hizo ndo zinaweza kubadilisha dawa atakayopewa mzee.