Mshipa wa mchepuko ukibana, si lazima mtoto apasuliwe upya

Hapa Ujiji, mtoto aliyewahi kuwekewa mshipa wa mchepuko tumboni akivimba bandama tena, majirani husema: "Operesheni imeharibika, huyo atafunguliwa upya." Si lazima.

Watoto hawa, mshipa unaopeleka damu ya utumbo na bandama kwenye ini uliziba. Mpasuaji huchukua mshipa mwingine, mara nyingi wa shingoni mwa mtoto mwenyewe, akaunga njia mpya hadi ndani ya ini. Mbinu iliyoasisiwa miaka ya 1990. Wakati mwingine maungio hubana, damu ikarundikana nyuma na bandama ikavimba tena.

Hapo mtoto hupewa nusukaputi. Daktari huchoma sindano ubavuni hadi kwenye ini akitazama ultrasaundi, hupitisha waya mwembamba hadi palipobana, kisha kiputo kinachojazwa kupatanua. Linabaki tundu dogo tu. Pakibana tena, hurudiwa. Stenti, yaani kibomba kidogo cha kushikilia mshipa ubaki wazi, huwekwa kwa kusitasita, maana mtoto hukua, yenyewe haikui. Njia ikiziba kabisa, hapo kisu huenda kikahitajika.

Na bandama ya mtoto huyo msiisingizie malaria tu, ingawa Kigoma malaria ipo tele. Akitapika damu au akipata choo cheusi, hospitali siku hiyohiyo. Vinginevyo, ultrasaundi ya Dopla ndiyo huonyesha damu inavyopita.