Umenunua diski, hujanunua haki ya kurusha

Ukilipia gemu dukani Mwanjelwa, Mbeya, unapata ruhusa ya kuicheza. Kuirusha mubashara mtandaoni watu wengine waitazame bado ni haki ya aliyeitengeneza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inalinda programu za kompyuta, muziki na picha jongefu, na gemu moja hubeba vyote vitatu. Usijipe moyo kwamba studio iliyoitengeneza iko mbali Japani: Tanzania imo tangu 1994 kwenye Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa ya hakimiliki, hivyo kazi ya mgeni inalindwa hapa sawa na ya msanii wa Iringa, bila hata kusajiliwa.

Mbona basi vijana wanarusha kila usiku na hawaguswi? Kwa sababu studio nyingi zimeamua kuruhusu. Kwao ni tangazo la bure. Lakini ruhusa hiyo ina masharti, na kila studio ina yake. Nintendo, kampuni ya gemu ya Japani, ilitoa mwongozo wake mwishoni mwa 2018, nao unataka uongeze ubunifu wako, si kumwaga picha tupu. Gemu za hadithi ndizo zenye ukali zaidi. Mwaka 2023 mahakama ya Sendai, Japani, ilimhukumu mtu aliyepandisha YouTube video za gemu ya hadithi na za anime (katuni za Kijapani) bila ruhusa: kifungo cha miaka 2 kilichoahirishwa kwa miaka 5, na faini ya yen milioni 1.

Hata hivyo, kwa ninavyoona, kinachowaangusha wengi ni muziki. Unacheza bandani Kabwe, spika nyuma yako inapiga bongo fleva, na mfumo wa YouTube unautambua wimbo huo mara moja. Nyimbo zilizomo ndani ya gemu nazo ni mtego, maana studio ililipia zitumike kwenye gemu, haikukulipia wewe. Gemu ya Cyberpunk 2077 ina kitufe cha kuzizima. Kitafute kwanza kwenye mipangilio ya gemu yako.

Kwenye YouTube, maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 yanaweza kuifuta chaneli yako. Unaweza kupinga onyo, ila fomu inadai jina lako halisi, anwani, na ukubali shauri lisikilizwe na mahakama ya Marekani. Kama kweli ulipiga wimbo wa mtu, usiijaze.