NAS ikisahau mipangilio, data zako bado zipo: dhana potofu nilizochoka kuzisikia

"Fundi, NAS imesahau kila kitu, tumeona tuifomati tuanze upya." NAS ni kisanduku cha diski kinachotunza faili za ofisi na kuzigawa kupitia mtandao. Kauli hii naipokea hapa Dodoma kutoka Makole, Area D, Majengo, hadi Mji wa Serikali kule Mtumba, na mara nyingi anayenipigia ameshafika kwenye ukurasa wenye kitufe cha kufomati. Jamani, toeni mkono hapo kwanza. Nyaraka za miaka zimeteketea kwa kitufe hicho wakati mashine yenyewe ilihitaji betri tu. Naanza na dhana hiyo kwa sababu ndiyo inayoumiza watu kuliko zote.

Dhana: Mipangilio ikipotea, ujue diski zimekufa na data zimekwenda nazo.

Ukweli: Mipangilio na data havikai mahali pamoja. Faili zako ziko kwenye diski. Saa ya mashine iko kwenye mazabodi, na umeme ukiwa haupo inalishwa na betri bapa, kwa kawaida CR2032. NAS zenye prosesa kama za kompyuta za kawaida huweza kutegemea betri hiyohiyo kutunza mipangilio ya bayosi (BIOS), programu ndogo inayoiamsha mashine. Majina ya watumiaji, nywila, folda za pamoja na anwani ya IP (namba ya mashine kwenye mtandao) huandikwa kwenye chipu ya flashi, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, ndani ya mashine, au kwenye sehemu ndogo iliyotengwa ndani ya diski, kutegemea mtengenezaji. Kwa hiyo kabla hujagusa chochote jiulize: imesahau nini hasa?

Ikiwa imesahau tarehe tu, imerudi 1 Januari 1970 au mwaka 2000, mtuhumiwa wa kwanza ni betri. Na tarehe si jambo dogo. Saa ikipotea, bekapu ya usiku haianzi kwa wakati wake, kivinjari kinakataa cheti cha usalama, na kwenye ofisi zinazotumia Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia akaunti za watumiaji, wafanyakazi wanagomewa kuingia, kwa kuwa Kerberos, utaratibu wake wa kuhakiki anayeingia, kwa kawaida haivumilii saa kupishana zaidi ya dakika 5. Watu wanasema "imefuta watumiaji", kumbe watumiaji wote wapo, saa ndiyo imepotoka.

Zima NAS kwa menyu yake, chomoa waya wa umeme, fungua, piga picha betri ilivyokaa, kisha ipime kwa multimeta. Mpya husoma volti 3 au zaidi kidogo. Mimi ikishuka chini ya 2.7 naibadilisha bila mjadala. Zinapatikana kwa mafundi saa na kwa wauza rimoti za magari. Usijaribu kuichaji, haikutengenezwa kuchajiwa. Ukikuta imechomelewa kwenye mazabodi au ina vijiwaya viwili, mpelekee fundi mwenye pasi ya risasi. Ukishaweka mpya rekebisha saa, kisha washa NTP, huduma inayosahihisha saa kupitia mtandao, na uhakikishe DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) na lango la mtandao (anwani ya ruta) vimejazwa sawasawa, maana bila hivyo NTP haifiki popote.

Lakini ikiwa saa iko sawa na kinachopotea ni watumiaji na folda, betri haihusiki, hata ukibadilisha tatu. Fanya jaribio hili: badilisha jina la kifaa, hifadhi, kisha iwashe upya kwa menyu. Jina la zamani likirudi, mashine haiwezi kuandika inachoambiwa. Flashi imechoka, kwa sababu ina ukomo wa kuandikwa, au sehemu ya mfumo imejaa, au imepata hitilafu ikajifunga iwe ya kusomwa tu. Jina likibaki, izime, chomoa waya, iache robo saa, kisha iwashe tena. Safari hii ikipoteza saa peke yake, rudi kwenye betri.

Sasa hatari yenyewe. NAS iliyopoteza mipangilio yote huamka kama mtoto mchanga: inakukaribisha, inakuomba uchague lugha, halafu inapendekeza kuandaa diski upya. Kukubali ndiyo kufuta. Hapo izime. Kabla ya kuchomoa diski andika namba kwenye kila moja kwa kalamu ya wino mzito, 1, 2, 3, 4, kufuata tundu ilimokaa. Taarifa za RAID, yaani mpangilio unaounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, ziko ndani ya diski zenyewe, na NAS nyingi zinatumia RAID ya mfumo endeshi wa Linux, kwa hiyo fundi anayejua kazi yake anaweza kuzisoma kwenye kompyuta ya Linux, kwa kusoma tu bila kuandika, hata kama NAS yenyewe imeshakufa. Usizichomeke kwenye NAS ya kampuni nyingine kujaribu bahati. Nayo itaomba kuzifomati.

Dhana: Kuzima soketini kila jioni kunaitunza mashine.

Ukweli: Hii nayo inanichosha. Ofisi nyingi hapa Dodoma wa mwisho kutoka anazima soketi zote ukutani, na anasifiwa kwa uangalifu. Kwa NAS hilo ni kosa mara mbili. Kwanza, unaikata ikiwa katikati ya kuandika, na huko ndiko mipangilio inakoharibikia. Pili, usiku kucha na wikiendi nzima saa inaishi kwa betri, wakati ingelishwa na umeme wa ukutani. Iache iwake, au ipangie ratiba ijizime yenyewe. Na inunulie UPS, betri ya akiba ya umeme, yenye waya wa USB unaoiambia NAS izime salama umeme ukikatika. Hiyo ndiyo fedha ya kwanza ninayomwomba mteja atoe, kabla ya diski kubwa, kabla ya kila kitu. Kiangazi upepo ukianza kusukuma vumbi jekundu, puliza feni yake pia, maana mashine yenye joto inachakaa haraka.

Dhana: Ni virusi.

Ukweli: Mara nyingi sivyo. Kirusi cha Windows hakifanyi kazi ndani ya NAS ya Linux, ingawa kompyuta iliyoambukizwa inaweza kuharibu faili za folda ya pamoja. Ila msipuuze moja kwa moja. Juni 2021 wamiliki wa My Book Live za Western Digital walikuta mashine zao zimerudishwa hali ya kiwandani na data zimefutwa, kwa sababu wavamizi walipitia udhaifu wa programu iliyokuwa imekosa sasisho tangu 2015. NAS ya zamani haipaswi kufunguliwa kwenye intaneti. Kama ruta yako imeifungulia milango (ports) ya kufikiwa kutoka nje, ifunge leo.

Dhana: Imesahau IP yake.

Ukweli: Ruta ndiyo imeipa nyingine. Mmebadilisha ruta, mtandao umetoka 192.168.1 kwenda 192.168.100, na njia ya mkato iliyoko kwenye kompyuta bado inaita anwani ya zamani. Itengee NAS anwani ya kudumu ndani ya ruta.

Dhana: Bonyeza reset, itakaa sawa.

Ukweli: Kwenye NAS nyingi mbonyezo mfupi unarudisha nywila ya msimamizi na mtandao, na mrefu unafuta mipangilio zaidi. Sekunde zinatofautiana kwa kila kampuni, kwa hiyo soma kitabu cha modeli yako kwanza. Reset haitibu flashi iliyochoka wala betri iliyokwisha. Inakuongezea kazi tu.

Dhana: Kompyuta mpya haiioni, basi imekufa.

Ukweli: NAS za zamani huongea SMB1, lugha ya kizamani ya kugawana faili kwenye mtandao, na Windows 10 iliacha kuiweka kwa kawaida tangu toleo la 1709 la mwaka 2017. Tafuta kwenye mipangilio ya NAS kama inaweza SMB2, uiwashe. Msirudishe SMB1 kwenye kompyuta za ofisi nzima kwa ajili ya kifaa kimoja. Kama NAS haina kingine zaidi ya SMB1 na mtengenezaji hatoi tena masasisho, nunueni nyingine mhamishie faili wakati hii bado inawaka. RAID iliyomo ndani yake si bekapu, kwa hiyo msiisubiri ife.