Pleti namba kwenye lori lililotoka jeshini

Lori la M35A2, lori la mizigo la jeshi la Marekani, linapouzwa kwa raia huja na karibu kila kitu lilichotumia jeshini: ndoana ya kuvutia tela, pingu za kufungia minyororo, vibao vya maelekezo kwenye dashibodi, wakati mwingine hata nyota nyeupe mlangoni. Lisichokuja nacho ni mahali pa kufunga pleti namba na taa ya kuimulika. Kazi yangu hapa Texas ni umeme na ukarabati wa magari haya, na suala la namba linanijia gereji mara nyingi kuliko hata la injini. Mwenye lori hufika akiwa na kibao mkononi, akidhani ni shughuli ya bolti nne na robo saa. Ukitaka kazi isimame mbele ya sheria, utatumia nusu siku, na itakubidi uelewe kwanza lori lenyewe liliundwa vipi.

Nchini Marekani kuna viwango vya usalama vya serikali kuu vinavyomlazimu mtengenezaji kuliwekea gari taa ya namba. Viwango hivyo haviyahusu magari yaliyotengenezwa kwa mkataba wa jeshi na kuuzwa moja kwa moja kwa jeshi. Ndiyo maana kiwandani hakuna aliyetenga nafasi ya kibao cha inchi 12 kwa 6. Jeshi lenyewe lilipaka namba zake kwa rangi kwenye boneti na bampa, likamaliza. Zaidi ya hapo, lori hili liliundwa liweze kwenda usiku bila kuonekana. Swichi yake kuu ya taa ina hatua ya mwendo wa giza: taa za kawaida zote zinazimika, vinabaki vijitaa hafifu vya kumwongoza dereva anayefuata nyuma. Leo unaliingiza kwenye barabara ambayo askari wa trafiki lazima aweze kulisoma usiku. Taabu karibu zote za kufunga namba zinatoka hapo.

Lakini usishike spana kabla karatasi hazijakaa sawa. Gari la serikali kuu likiuzwa mnadani, mnunuzi hupewa fomu inayoitwa SF 97, na hiyo ndiyo anayoipeleka kwenye ofisi ya usajili ya jimbo lake ili apate hati ya umiliki. Chukua tochi, soma namba iliyo kwenye kibao cha dashibodi, kisha tafuta namba iliyogongwa kwenye chasisi, uzilinganishe na fomu herufi kwa herufi. Malori haya yamepita kwenye karakana nyingi za jeshi na vibao vimehamishwa. Tofauti ya tarakimu moja leo ni usumbufu mkubwa siku utakayoliuza. Kuna na hili: magari ya kawaida yana namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 17 tangu yale ya mwaka 1981. Namba za malori mengi ya M35A2 ni fupi kuliko hapo, na mhudumu wa kaunta anaweza kukuambia kompyuta imeikataa. Nenda na picha za kibao na za chasisi, umweleze kwa upole kwamba gari ni la jeshi na namba haijapungua kitu. Kwa kawaida huitwa mkubwa wake na jambo linakwisha.

Texas ina kundi maalumu la usajili kwa magari yaliyokuwa ya kijeshi, yawe ya ukubwa wowote, uzito wowote na mwaka wowote, mradi yatunzwe kwa muundo na alama zake za kijeshi. Sheria hiyo inaruhusu hata idara ya magari kukubali alama mbadala ya usajili inayoendana na alama za awali za jeshi, badala ya pleti ya kawaida. Wapenzi wa magari haya huipenda sana njia hiyo, na ninawaelewa, maana kibao cheupe kinachong'aa kinaharibu sura ya lori lililorudishwa kama lilivyokuwa. Ila idhini hiyo inatoka idarani. Mtu hawezi kujichorea namba bampani akasema sheria inamruhusu. Usajili wa kundi hili pia una mipaka ya matumizi: maonyesho, gwaride, shughuli za klabu na mambo ya aina hiyo. Ukitaka kubeba kuni au kokoto kila wiki, sajili lori kama lori la kawaida. Kwa anayevuka mipaka ya majimbo, ushauri wangu ni kufunga pleti ya kawaida tu. Askari wa jimbo jingine, usiku, pembeni ya barabara kuu, anatafuta kibao. Hana haja ya kusomeshwa sheria za Texas na mtu aliyevaa kofia ya jeshi.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe.

Texas inataka pleti mbili, mbele na nyuma, zimelala mlalo, zimefungwa imara, na ukingo wa chini usiwe chini ya inchi 12 kutoka ardhini. California inaongeza kikomo cha juu: kibao kisizidi inchi 60, yaani kama sentimita 152. Kikomo hicho kinawakamata wenye malori yaliyoinuka juu. Sakafu ya bodi ya M35A2 iko juu sana, kwa hiyo ukifunga namba katikati ya mlango wa nyuma wa bodi, unakigusa kikomo au unakipita. Hata pale ambapo hakuna kikomo cha juu, mlango huo ni mahali pabaya. Bawaba zake ziko chini. Ukiushusha ulale sawa na sakafu ili ubebe mbao ndefu, namba inatazama lami. Ukiuacha uning'inie, namba inageukia ndani, tena kichwa chini. Nimewaona watu wakiendesha hivyo bila habari.

Katikati ya chasisi nyuma nako hakufai. Pale pamekaa ndoana ya tela, ni chuma kinene, na mtu akitazama kutoka gari dogo lililo nyuma herufi mbili tatu zinapotea.

Mahali ninapopapenda ni kushoto, kando ya kishikio cha taa ya nyuma. Nakata bamba la chuma la milimita 3, nalikunja pembe, nalifunga kwa bolti zilezile zinazoshika kishikio cha taa, nikiziongezea urefu kidogo. Hakuna tundu jipya. Hili nalisisitiza kwa kila mteja: usitoboe chasisi. Kingo zake za juu na za chini ndizo zinazobeba mkunjo wa mzigo, na tundu la drili mahali hapo ni mwanzo wa ufa. Kishikio kikishakaa, angalia mambo mawili kabla ya kukaza. Kwanza, kibao kisifunike sehemu yoyote ya taa wala kiakisi mwanga. Pili, kirudi ndani kidogo kuliko vibampa vidogo vya nyuma, ili siku utakaporudi nyuma kwenye jukwaa la kupakilia mzigo, vibampa vipokee kishindo na namba ibaki salama.

Pleti za Marekani ni alumini nyembamba, matundu yake yameachana inchi 7 kwa upana, na zinapokea bolti za robo inchi. Kwenye gari dogo bolti mbili za juu zinatosha. Kwenye lori hili hazitoshi. Matairi yenye meno na dizeli ile vinatikisa kila kitu, na baada ya miezi alumini inapasuka kuanzia kwenye matundu. Funga bolti zote nne, weka washa pana, nati zenye pete ya plastiki ndani zisizolegea, na nyuma ya kibao laza karatasi ya mpira inayokaa juu ya bamba la chuma. Kama itakubidi kukwangua rangi ya jeshi, vaa barakoa inayofaa na uilowanishe kwanza. Rangi zile na rangi za chini yake zinaweza kuwa na kromiamu yenye sumu, na vumbi lake si la kuvuta.

Wengi huniomba nipake kibao rangi ya kijani ili kifanane na lori, au niweke kifuniko cha plastiki nyeusi. Nakataa. Kubadili rangi ya pleti au kufifisha herufi zake ni kosa, na hapo askari hahitaji kukutafutia sababu nyingine ya kukusimamisha.

Taa ndiyo sehemu ambayo mafundi wengi wa magari madogo huharibu. Sheria ya Texas inataka mwanga mweupe unaoifanya namba ya nyuma isomeke ukiwa futi 50 nyuma ya gari, kama mita 15, na taa hiyo iwake kila taa kubwa za mbele zinapowaka. Lori hili lina umeme wa volti 24 kutoka betri mbili zilizounganishwa mfululizo. Balbu ya volti 12 kutoka duka la vipuri itaungua mara moja. Na usivute waya kutoka betri moja ili upate volti 12, maana betri hizo zitachajiwa bila usawa na moja itakufa mapema. Nunua taa ya LED inayokubali volti 10 hadi 30, na kwenye kioo chake utafute herufi L katika alama za viwango. Hiyo inaonyesha imeidhinishwa kwa kazi ya kumulika namba.

Swali linalofuata ni waya upi. Waya za malori haya zina vipete vya chuma vyenye namba za saketi, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa neema. Saketi 21 ndiyo ya taa za nyuma za kawaida. 24 ni ya vijitaa vya mwendo wa giza. Taa ya namba iunge kwenye 21, kwa kiungio cha njia tatu cha mpira kama vile vilivyomo kwenye gari, ili usikate waya wa awali. Ukifanya hivyo, swichi ikiwa kwenye hatua ya kawaida namba inawaka pamoja na taa za nyuma, na kwenye mwendo wa giza inazimika, kama lori lilivyokusudiwa. Waya wa pili, wa kurudisha umeme kwenye mwili wa gari, ufungwe kwenye chuma kitupu. Rangi ya jeshi ni nene na haipitishi umeme. Taa inayowaka na kuzimika ovyo mara nyingi sababu yake iko hapo, chini ya washa moja.

Jua likizama, washa taa, tembea hatua zako hadi mita 15 nyuma, kisha chuchumaa hadi macho yawe usawa wa dereva wa gari dogo. Soma namba kwa sauti. Kama kuna herufi unayobahatisha, taa iko mbali mno na kibao au imeinama vibaya.

Mbele kazi ni nyepesi. Majimbo kama Florida, Pennsylvania na Michigan hayataki pleti ya mbele kabisa. Texas inapotaka, natumia kibano kinachoshika kingo za bampa, upande usio na alama za kikosi. Kisining'inie chini ya bampa, kichaka cha kwanza kitakichukua. Lori lenye winchi, hakikisha kibao hakipo kwenye njia ya waya wake.

Ukiunga tela la jeshi, kama lile la M105A2 la tani moja na nusu, nalo lina usajili wake na kibao chake, na taa yake hula umeme wa volti 24 kupitia soketi ya pini 12 iliyo nyuma ya lori. Tela la kiraia la volti 12 haliungwi hapo moja kwa moja. Linahitaji kibadilisha volti, na kibadilisha hicho ufunge ndani ya lori, mbali na matope.