Navigasiyo prive haikufichi mu intaneti

Hapa Goma watu wengi wanaamini, tena tangu zamani, kama ukifungua ile dirisha nyeusi ya navigasiyo prive mu Chrome hakuna mtu anaweza kujua unaangalia nini, hata kampuni yenye inakuuzia mega (data ya intaneti). Naelewa inatoka wapi, jina yenyewe inasema prive, na juu kuko picha ya kofia na miwani.

Kwa kweli yenye inafichwa ni ndani ya simu tu: ukifunga dirisha zote za prive, historia haibaki na kuki, vile vifaili vidogo siti za intaneti zinaacha mu simu kwa kukukumbuka, zinafutwa. Lakini mega zinapita njia ile ile, kwa hiyo kampuni ya simu ao mwenye wifi ya cyber kule Birere bado anaweza kuona jina ya siti yenye umefungua, hata kama HTTPS, ile ulinzi yenye inafunga maneno kati ya simu yako na siti, inamzuia kusoma yale unaandika ndani. Na ukiingia mu Facebook na akonti yako, Facebook inajua ni wewe.

Jaribu mwenyewe. Fungua prive, soma polepole yale maneno Chrome inaandika pale mbele, yenye wengi tunaruka, inasema wazi nani bado anaweza kukuona. Kisha shusha picha moja, funga dirisha, angalia mu faili zako: picha iko pale pale.

Kwenye inasaidia sana ni ukikopa simu ya mwenzako kwa kuangalia imeili, sababu ukifunga zote akonti yako haibaki wazi. Hapo mimi naitumia kila mara.