Uliunga Mkono Vita. Siri Uliiunga Mkono Lini?

Nimeisoma tena wiki hii, kwenye kundi la WhatsApp la mawakili wenzangu: "Mambo ya usalama wa taifa hayaulizwi." Mawakili, jamani! Watu waliofanyia mtihani Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya, kile cha haki ya kupata habari, na wakapita. Leo naandika, na hasira kidogo mtanivumilia.

Palipo wazi tupite mbio. Hakuna mwenye akili timamu anayetaka KDF, jeshi letu, watangaze msafara utapita barabara gani kesho. Mikakati ya kijeshi, operesheni za siri na vyanzo vya ujasusi vimekingwa na kifungu cha 6 cha Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Hilo halina ubishi.

Kinachonikera ni mtu kuitoa ridhaa yake kwa jambo moja, kisha wakubwa wakaitumia kwa jambo jingine, naye akapiga makofi. Kumbuka mwaka 2011. Kiwayu, pwani ya Lamu, mtalii Mwingereza aliuawa na mkewe akatekwa. Manda akatekwa mama Mfaransa, mgonjwa. Kwenye kambi ya wakimbizi ya Dadaab wakachukuliwa wahudumu wawili wa misaada, Wahispania. Wakenya wengi tulitaka serikali ifanye kitu, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Jumamosi ya tarehe 15 Oktoba mawaziri wakatangaza kwamba tunawafuata al-Shabaab, wanamgambo wa Somalia, huko huko kwao, na kesho yake wanajeshi wakavuka mpaka. Kifungu cha 95(6) cha Katiba kinasema Bunge ndilo huidhinisha kutangazwa kwa vita, lakini hakuna kura iliyopigwa kabla ya kuvuka. Serikali ikasema hapa ni kujilinda, ikataja Kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Hoja hiyo ina uzito, siibezi. Ila tulichokipokea siku ile kilikuwa vita vya kuwafuata watekaji nyara. Hakuna aliyetuuliza kama tutaridhika kutoambiwa wangapi wamekufa.

Halafu ikaja El Adde, 15 Januari 2016. Kambi ya jeshi letu huko Somalia ilivamiwa na al-Shabaab alfajiri, na idadi rasmi ya waliouawa haikutolewa. Rais wa Somalia wa wakati huo, Hassan Sheikh Mohamud, alisema kwenye televisheni kwamba walikaribia 200. Nairobi ikakanusha, na idadi yake yenyewe isiseme. Wananchi wakaonywa kwamba atakayesambaza picha atakamatwa. Sasa nielezwe polepole: al-Shabaab walikuwa ndani ya kambi, na kamera mkononi. Wao walifichwa nini? Uingereza ilipigana Afghanistan miaka mingi, ikitangaza jina la kila askari aliyeuawa baada ya familia yake kuarifiwa, na majeshi yake hayakusambaratika kwa sababu hiyo.

"Lakini sheria inaruhusu siri!" Inaruhusu pale ambapo kutoa habari kunaelekea kudhuru usalama, na Kifungu cha 24(3) cha Katiba kinaitwika serikali mzigo wa kuthibitisha hivyo. Si wewe uthibitishe kwamba hutadhuru. Hata habari iliyokingwa, mahakama inaweza kuamuru itolewe manufaa ya umma yakizidi madhara. Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu walifuta vifungu kadhaa vya sheria ya usalama iliyopitishwa kwa vurugu bungeni Desemba 2014, kikiwemo kile cha faini ya hadi shilingi milioni 5 kwa kuchapisha picha za waliokufa kwa namna ya kuzua hofu. Mbingu hazikuanguka.

Nina mashaka yangu pia. Uwezo wa jeshi umekingwa kisheria, na idadi ya majeruhi wa kikosi kimoja, ikiunganishwa na mambo mengine, inaweza kumwonyesha adui pengo. Mstari upite wapi? Mimi sijaupata. Na jaji akiletewa hati ya kiapo ya jenerali, atambishia kwa ujuzi gani? Zaidi ya hayo, baada ya watu 148, wengi wao wanafunzi, kuuawa na al-Shabaab Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, naamini kama siri ingepigiwa kura ya maoni ingeshinda kwa kishindo. Jibu langu ni kwamba haki haipigiwi kura. Linanitosha mahakamani, nyumbani kwa mfiwa wa Garissa silitoi.

Kwa anayetaka kuuliza, basi aulize kwa akili. Usiandike "nipeni kila kitu kuhusu Somalia." Andika: jumla ya fidia iliyolipwa kwa familia za wanajeshi waliofia kazini, kwa mwaka fulani wa fedha. Hapo usiri wa kivita unakuwa mgumu kuutetea. Ofisi uliyoiandikia ina siku 21 za kukujibu, na kimya chake kinahesabiwa kuwa wamekataa. Ukijibiwa kwa neno "usalama" tupu, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala (Ombudsman) ndani ya siku 30. Na nakala ya ombi lako iwe na muhuri wa kupokelewa, maana watakuambia hawakuiona.